Mwalimu Aje Siku Nyingine

Rosario, Jumatatu, 19 Septemba 2011

Shangazi Delfina mpendwa,

Salamu kutoka huku mtoni. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko milimani imeshayaachia magoti yenu. Mimi sijambo. Mafua yamepungua, na sasa wateja wanakuja kwenye duka la dawa na chavua puani, wanapiga chafya hata juu ya dawa walizoandikiwa. Mama yake Celeste, yule anayewatumia vitambaa vya altare, anakusalimu sana. Uliniuliza kama bado naishi peke yangu na kama napika. La kwanza ndiyo, la pili hapana.

Sasa nikuhadithie wikendi yangu. Nimechoka kama mtu aliyehama nyumba, na bado natabasamu, na hapa sina wa kumweleza isipokuwa Norma wa kaunta, ambaye ameshaanza kuniangalia kwa pembeni.

Ijumaa tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Mwalimu katuchagulia wimbo wa Kilatini, na sisi wa besi tukauua bila huruma. Baadaye tukaenda kula piza, tukabishana hadi wahudumu wakaanza kupandisha viti mezani.

Jumamosi asubuhi Celeste na Mabel walifunga ndoa. Ndoa ya serikali, kwa sheria ile ya mwaka jana inayoruhusu wanawake wawili kuoana, ambayo najua huko kwenu mliisalia isipite. Siandiki kukuchokoza, shangazi. Nakuandikia kwa sababu nilikuwepo, nilirusha mchele, na Mabel alipotakiwa kutia saini aliinyakua kalamu kwa haraka hadi karani akamwambia, "Pole pole mama, miaka yote hiyo umesubiri, karatasi haikimbii." Kisha nyama choma kwenye uwanja wa klabu. Aliyekuwa akichoma ni mtu mmoja mrefu, mwenye aproni iliyomfika kiunoni tu, akiwatishia kwa koleo wote waliosogelea soseji kabla ya wakati.

Alasiri ilikuwa zamu yangu ya duka. Nimeketi, nguo za harusi bado mwilini, kengele ikalia. Ni yule mrefu, mkono kaufunga kwa leso.

"Una dawa ya kuungua?"

"Ninayo. Umeungua nini?"

"Nilishika wavu wa jiko." Akaniangalia vizuri. "Wewe ndiye uliyekuwa ukilia pale harusini."

"Moshi ule."

"Moshi ulikuwa unakuja kwangu mimi."

Nikaanza kumsafisha jeraha. Nikamwuliza ni mchoma nyama gani anayeshika wavu kwa mkono mtupu. Akasema, "Yule anayeangalia kwingine."

Nikamfunga bendeji ndefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikajisikia nikimwambia kwamba kesho yake wanakwaya tunavuka kwenda visiwani, na kwenye mtumbwi wetu kuna nafasi. Akainua ule mkono: "Na hii?" Nikamwambia, "Nimesema nafasi ya kukaa, sikusema ya kupiga kasia."

Basi Jumapili akakaa mbele ya mtumbwi kama gunia la viazi, akitunyooshea njia kwa bendeji. Anaitwa Bruno Tassone, anafundisha jiografia sekondari. Anaujua mto kama unavyozijua zaburi. "Mfereji huu mwaka juzi haukuwepo," anasema, na sote tunautazama mfereji kwa heshima. Kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa haufai, nilimshikia kibuyu cha chai ya mate akinywa. Wenzangu walijifanya wanatazama ndege.

Jioni kwaya iliimba kwenye nyumba ya wazee, sisi tumeungua jua, tunanuka tope. Kumbe naye alikuja. Alikaa safu ya nyuma katikati ya bibi wawili waliogombania kumlisha biskuti.

Sijui hili ni nini, shangazi. Nakuandikia kabla sijajua.

Mwanao,
Lisandro


Monasteri, Catamarca, 14 Oktoba 2011

Mwanangu Lisandro,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sisi tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Sista Ramona sasa hasikii kabisa sikio la kushoto, na la kulia anasikia anachotaka. Machungwa yamekuwa mengi. Tunapika jamu tangu baada ya misa, na hata vitabu vya sala vinanuka sukari. Hatujapata mvua.

Barua yako imenifikia. Unajua Mama Mkuu husoma kabla yetu, ndiyo desturi. Aliponipa alisema tu, "Huyu mwanao anaonekana hapigi kasia vizuri," akaenda zake.

Kuhusu akina Celeste sina la kusema. Nilisali nilivyoombwa kusali. Mabel namkumbuka, alinitumia sweta mwaka ule wa baridi kali, na bado nalivaa.

Huyo mwalimu, mkono umepona? Kidonda cha moto kisifungwe sana, kinahitaji hewa. Wewe ni mfamasia, ulipaswa kujua.

Umri wake? Anakunywa? Ana mama?

Ndugu yako Hernán hajambo? Binti yake Abril nadhani ametimiza miaka kumi na mitano. Hukuniandikia chochote kuhusu sherehe.

Nakuombea kila siku, na hilo halijabadilika.

Shangazi yako,
Delfina


Rosario, 30 Oktoba 2011

Shangazi mpendwa,

Asante kwa barua na kwa mtungi wa jamu, ambao Norma ameumaliza kwa kijiko nikiwa stoo. Joto limeingia. Jirani wa juu kanunua mbwa anayelia kila kengele ya kanisa inapopigwa, kwa hiyo sasa tuna kwaya mbili mtaani.

Mkono umepona, umebaki na kovu kama mstari wa ramani. Ana miaka arobaini na saba. Anakunywa divai akila. Mama yake yuko hai, anaishi Casilda, na anamtuma Bruno ampelekee majarida ya fumbo la maneno kila Jumapili.

Tunaonana. Jumatano huja baada ya shule na rundo la mitihani, anasahihisha kwenye meza yangu huku akinisomea majibu. Mtoto mmoja kaandika kwamba mji mkuu wa Bolivia ni "ule ulio juu". Bruno kampa nusu alama, tumebishana nusu saa. Shangazi, nina miaka arobaini na mitatu. Nimezoea kulala katikati ya kitanda na kula nimesimama. Nilidhani mambo haya yameshanipita, kama vile mtu anavyokubali kwamba hatajifunza tena fidla. Sasa Jumanne usiku najikuta nafuta meza.

Nikueleze jambo moja lake. Aliishi miaka mingi na mtu aitwaye Néstor. Néstor alifariki, kwa moyo, ghafla. Ndugu zake walikuja kutoka Paraná wakachukua mwili. Kwenye matanga wakamweka Bruno nyuma, pamoja na majirani. Mama mmoja akamwuliza, "Na wewe ulimfahamu marehemu?" Akajibu, "Kidogo." Alinisimulia hayo akiwa anamenya chungwa, na hakuacha kumenya.

Mvua itafika. Usikae sana jikoni kwenye mvuke.

Mwanao,
Lisandro


Monasteri, 22 Novemba 2011

Mwanangu,

Amani. Naandika kwa haraka kwa kuwa Majilio yanakaribia, na wakati huo hatuandiki wala hatupokei. Ukituma barua itaningoja mezani kwa Mama Mkuu hadi Krismasi ipite.

Mvua imefika, bustani inapumua. Sista Ramona kaanguka ngazi ya kanisa, hakuvunjika, alicheka.

Nimemwombea Néstor. Nimemwombea kwa jina.

Hernán ameandika. Ametuma picha za sherehe ya Abril: gauni la rangi ya pichi, keki ndefu kuliko baba yake, ukumbi umejaa. Nimeitafuta sura yako katika kila picha, hata kwa miwani ya Sista Ramona. Mkewe Graciela ana tabia nzuri ya kuandika tarehe nyuma ya picha. Ilikuwa Jumamosi ile ya Septemba. Ile ile.

Sasa nimeelewa kwa nini wikendi yako ilijaa hivyo.

Hutaki kuniambia, usiniambie. Lakini nimekuuliza habari za Hernán, na umenijibu habari za mbwa wa jirani.

Majilio mema.

Delfina


Rosario, 9 Januari 2012

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Huku ni joto la kuyeyusha mishumaa. Mama yake Celeste amelazwa kidogo kwa ajili ya presha, ameshatoka, anauliza kama vitambaa vya Pasaka bado vinahitajika.

Ni kweli. Graciela alinipigia simu mwezi wa nane. Alikuwa mpole, ndilo lililoniuma zaidi. "Lisandro, unajua jinsi watu wa upande wetu walivyo. Na Hernán hataki maneno siku ya mtoto. Wewe njoo wiki inayofuata, tutakuwekea keki." Nikasema sawa. Hernán alikuwa karibu, nilimsikia akikohoa. Unakijua kikohozi chake. Hakuchukua simu.

Nilinunua hereni nikazituma. Kisha nikaijaza wikendi ile kwa kila kitu nilichoweza: niliomba zamu ya duka, nililazimisha safari ya visiwani, hata kule kwa wazee ni mimi niliyeipangia kwaya. Pale harusini sikulia kwa ajili ya Mabel peke yake. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka uwe katikati ya watoto wawili wa kaka yako. Na nilikuwa nimekutana na Bruno, nikataka kuwe na barua moja isiyo na Hernán ndani.

Krismasi tulikula juu ya paa la nyumba yangu, mimi, Bruno na mama yake, ambaye tulimpandisha ngazi tukimsukuma kama piano. Fataki zilipoanza aliziba masikio, akapaza sauti: "Ninyi wawili mtaoana lini, nipate kuvaa viatu vyangu vya bluu?" Bruno akaangusha uma. Hatujalizungumza tena, ila mswaki wake uko bafuni kwangu, na hakuna aliyesema kwamba umesahauliwa.

Mwanao,
Lisandro


Monasteri, 10 Februari 2012

Mwanangu Lisandro,

Amani ya Bwana. Tini zimeiva zote kwa pamoja, tunapika mchana kutwa, na nyigu wametuzoea hadi tunawaita majirani. Mwambie mama yake Celeste vitambaa vinahitajika, na kwamba asivishone akiwa na presha.

Nimesoma kuhusu sherehe. Sitamsema Hernán kwako, kama ambavyo sikusemi wewe kwake.

Nina habari. Tarehe tano Mei, Jumamosi, natimiza miaka hamsini ya nadhiri. Askofu atakuja kutuadhimishia misa. Mama Mkuu ameniruhusu kualika ndugu. Hernán ameshasema atakuja na Graciela na Abril. Nataka na wewe uje. Baba yenu hayupo, mama yenu hayupo, mimi ndiye mkubwa niliyebaki, na nataka siku moja niketi nyuma ya wavu ule unaotutenga na wageni nione watoto wa kaka yangu wawili ndani ya chumba kimoja. Sijaomba vingi.

Kuhusu mwalimu. Nimefikiri sana. Siku ile kutakuwa na askofu, watu wa parokia, Graciela na macho yake. Sitaki mtu yeyote aumizwe, wala yeye. Basi wewe njoo Jumamosi na ndugu zako, na mwalimu aje siku nyingine. Jumanne inayofuata panakuwa patulivu. Nitampokea vizuri, tutampa jamu.

Nadhani utanielewa.

Delfina


Rosario, 19 Februari 2012

Shangazi,

Natumaini u mzima, na nyigu wamewaacha salama. Sisi tu wazima.

Hongera kwa miaka hamsini. Naisema kwa moyo wote, kabla ya yanayofuata.

Nilimsomea Bruno barua yako. Nilianza kuruka kile kipande, akasema, "Soma na hicho, nimekuona ukiruka mistari." Nikasoma. Akaenda akafunga dirisha ingawa kulikuwa na joto. Kisha akasema, "Shangazi yako ni mtu mwema, inaonekana. Lakini mimi kusimama nyuma nilishasimama, Lisandro. Sitakwenda Jumanne kama fundi bomba."

Nami nakwambia, shangazi: Jumamosi sitakuja bila yeye, na Jumanne hatutakuja. Sisemi kwa hasira. Nilipokuwa mdogo, baba alipokuwa akinifokea kwa jinsi nilivyotembea na nilivyoimba, ni wewe uliyeandika kwamba sauti yangu isizimwe. Barua ile baba aliisoma mezani akaikunja, hakunifokea tena kwa muda. Nimekutegemea tangu hapo, na wewe hukujua. Kwa hiyo umeniuma kuliko Graciela.

Jumatano ni Majivu, Kwaresima inaanza. Najua hutajibu hadi Pasaka. Labda ni vizuri.

Lisandro


Rosario, 25 Machi 2012

Shangazi mpendwa,

Najua barua hii italala mezani kwa Mama Mkuu. Naiandika hata hivyo.

Majani yameanza kubadilika rangi. Norma kaposwa, anaringa kaunta nzima.

Kuna jambo katika barua yangu iliyopita ambalo silifuti, lakini ningeweza kulisema kwa sauti ya chini zaidi. Mama Mkuu alisoma kabla yako, na hilo limenikosesha raha.

Bruno na mimi tuligombana. Alisema niende peke yangu. Nikamwambia siendi. Akasema, "Usinifanye mimi sababu ya kumkosa shangazi yako, halafu miaka kumi ijayo unitazame mezani hivi." Nikamwuliza kama anataka kwenda au hataki. Akafoka, na hajawahi kufoka: "Nataka! Ndiyo taabu yenyewe, mjinga wewe, nataka kwenda!" Akachukua mitihani yake akaondoka. Jumatano hakuja. Niliifuta meza, nikala nimesimama.

Jumatano iliyofuata alikuja na mfuko wa viazi, akaanza kumenya bila kusalimia. Nikachukua kisu kingine. Tulipofika nusu ya mfuko akasema, "Nimemenya vingi mno." Vilikuwa vya kulisha kikosi kizima. Tumekula viazi wiki nzima, na sasa tumetulia.

Pasaka njema, shangazi.

Mwanao,
Lisandro


Monasteri, 11 Aprili 2012

Mwanangu Lisandro,

Kristo amefufuka. Sisi tu wazima. Vitambaa vimefika, vyeupe kama chumvi, mwambie mama yake Celeste.

Barua zako mbili nilipewa pamoja asubuhi ya Pasaka. Mama Mkuu alizisoma siku zilipofika, akakaa nazo Kwaresima yote, na nilikuwa nikikutana naye mara nyingi kwa siku ukumbini bila yeye kunionyesha hata kwa kope. Aliponipa alisema, "Kaa chini kwanza."

Nikakaa. Nikasoma ya viazi kwanza kwa kuwa ilikuwa juu, kisha ile nyingine. Kisha sikwenda kula.

Nikueleze kitu ambacho baba yenu hakukijua, maana nyumbani hakikuzungumzwa. Nilipoweka nadhiri nilikuwa na miaka ishirini na moja. Babu yenu hakutaka. Alisema nimejizika hai, na kwamba nimemwaibisha mbele ya watu aliowaahidi kuniozesha. Siku ya nadhiri mama alikuja, wajomba walikuja, jirani muuza mkate alikuja. Babu yenu alituma neno kwamba atakuja siku nyingine, kukiwa hakuna watu. Na kweli alikuja, wiki kadhaa baadaye, alasiri moja. Alileta sanduku la pichi. Tuliongea habari za pichi. Nilimshukuru. Alidhani amefanya wema, na mimi kwa miaka hamsini hii yote nimekuwa nikisema kwamba alifanya wema.

Nilipomaliza kusoma maneno ya mwalimu kuhusu fundi bomba, nilimwona baba yangu na lile sanduku lake.

Mimi ni mtawa, Lisandro. Yapo ninayoyaamini na sitayaandika upya kwa sababu ya barua mbili. Usinidai hilo. Lakini siku yangu ni yangu, na kwenye siku yangu sitampangia mtu alasiri.

Njooni Jumamosi, wote wawili. Misa ni saa nne asubuhi.

Nimemwandikia Hernán mimi mwenyewe, nikamweleza ni nani atakayekuja nawe, kwa maneno yaliyonyooka ili asije akasema hakuelewa. Hajajibu. Huenda asije. Nimelikubali hilo kabla sijatia barua kwenye bahasha.

Delfina


Rosario, 13 Mei 2012

Shangazi mpendwa,

Tumefika salama, tumelala, tumeosha gari. Natumaini umepumzika, na kwamba askofu hakuwaachia homa, maana alikuwa akikohoa.

Ulipokuwa nyuma ya wavu uliona chumba tu. Ukumbi wa nje hukuuona, kwa hiyo nikusimulie.

Tulifika mapema mno. Bruno alikuwa amevaa tai, akaivua, akaivaa. Abril akaingia kwanza mbio, urefu umemzidi mama yake, akanirukia shingoni. Alikuwa amevaa zile hereni. Nyuma yake Hernán, peke yake. Graciela amebaki na kichwa kinachouma, alisema, na hakusema zaidi. Nywele za Hernán zimeisha kabisa, shangazi! Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, si kwa hilo. Alifanana na baba hadi nikasimama wima bila kutaka.

Akatusalimia kwa mkono. Mimi kwanza, kisha akamtazama Bruno kwa muda ambao nisingependa ujirudie.

"Wewe ndiye mwalimu."

"Wa jiografia," akasema Bruno.

"Huyu amefeli jiografia."

"Baba!"

"Umefeli au hukufeli?"

"Mada gani?" Bruno akamwuliza Abril, kwa sauti ile ya darasani.

"Mito," akasema mtoto, amekunja uso.

Nikacheka, shangazi. Sikuweza kujizuia. Hernán hakucheka, ila akakohoa kile kikohozi chake, akaangalia viatu.

Kwenye misa alikaa safu yetu, nafasi moja ikiwa wazi kati yake na mimi. Abril akaja akaikalia. Ulipoanza kusoma nadhiri zako, ile sauti yako nyembamba ikitoka nyuma ya nondo, niliona Hernán akitafuta leso, akakosa. Bruno akampitishia yake kupitia kwa Abril na mimi. Hernán akaipokea. Hakuirudisha, nadhani ameondoka nayo.

Hatukuongea mambo makubwa. Hakuomba radhi, wala mimi sikumwomba aombe. Mlangoni, tulipokuwa tukiagana, akatuuliza tunarudi kwa njia ipi. Bruno akasema ile inayokatiza jangwa la chumvi. Hernán akatikisa kichwa. "Imechimbwa yote. Piteni ya juu, mtachelewa kidogo lakini mtafika." Akatuchorea hewani kwa kidole, kona baada ya kona, na Bruno, ambaye barabara za nchi hii anazijua akiwa amelala, akasikiliza hadi mwisho na kumshukuru. Kwa Hernán hiyo ni hotuba. Tulipita ya juu. Ilikuwa ndefu mno, na hakuna kati yetu aliyelalamika.

Sikuongea nawe ipasavyo, watu walikuwa wengi kwenye wavu, na parokia ile ilikuwa ikiimba kama iko uwanja wa mpira. Nilikuona ukisema kitu huku ukitutazama. Sikusikia.

Mwanao,
Lisandro


Monasteri, 3 Juni 2012

Wanangu,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Baridi imerudi, nimevaa sweta la Mabel. Askofu kweli alituachia homa, tumekohoa nyumba nzima, sasa tunapona. Hernán amenitumia leso ndani ya bahasha, imefuliwa na kupigwa pasi, bila maelezo. Nitaituma kwenu kwa njia ya posta pamoja na jamu ya tini. Abril ameniandikia mwenyewe kwamba anafundishwa mito kwa simu, na kwamba mama yake anajua.

Sikuwaona vizuri. Mwanga ulikuwa nyuma yenu, na macho yangu siyo yale ya zamani. Niliona vivuli, na nilikujua wewe kwa mabega na Hernán kwa upara, ambao nami ulinishtua.

Umesema hukusikia nilichosema. Ilikuwa hivi. Sista Ramona alikuwa ameketi kando yangu. Kwa kuwa hasikii vizuri, hudhani hata wengine hawasikii. Akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Na yule mrefu, ni wa nani?" Upande wetu wote ukageuka. Mama Mkuu akageuka. Askofu alikuwa anakunywa maji, akaishusha glasi.

Nikamnong'oneza Ramona atulie. Akauliza tena, kwa sauti zaidi. Hapo ikabidi nimjibu ili asikie yeye, na maana yake ni kwamba walisikia wote wa upande wetu. Huko kwenu mlikuwa mnaimba.

Nilisema: "Wa kwetu."

Shangazi yenu,
Delfina